Kufundisha Kiingereza kwa simu: mwongozo kwa mwalimu mwenye bando la kawaida

Huu mwongozo ni wa mwalimu, au mtu yeyote anayejua Kiingereza vizuri, anayetaka kufundisha watu wazima kupitia simu. Nazungumzia wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, wapagazi, wadada wa risepsheni, vijana wanaosubiri usaili, yaani watu ambao muda wa kukaa darasani hawana, laptopu hawana, ila simu janja na bando la wiki wanalo. Mifano yangu mingi ni ya watu wa utalii wa huku Arusha na Moshi kwa sababu ndio ninaowafundisha, lakini ukibadilisha mazungumzo tu inamfaa hata muuza duka wa Kariakoo au dada anayefanya kazi Muscat.

Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Walimu wengi wa onlaini wanamwaga vitu, leo PDF, kesho video ya YouTube, kesho kutwa linki sita, wanafunzi wanajibu "asante ticha" halafu hakuna aliyefungua hata moja. Vya kusoma na kusikiliza vimejaa huko mtandaoni, bure kabisa, hakuna anayekuhitaji wewe kwa hilo. Anachokosa mwanafunzi ni sehemu ya kuongea kila siku bila kuchekwa na mtu wa kumsikiliza akamrekebisha. Kwahiyo kila zana nitakayoitaja hapa nimeipima kwa hilo, inamfanya mtu afungue mdomo ama inamfanya atazame tu.

Hatua ya 1: Msikilize mwanafunzi kabla hujapanga chochote

Usianze na mtihani wa karatasi. Mtu wetu wa kawaida amesoma sekondari kwa Kiingereza, masomo yote kasoro Kiswahili, kwahiyo kwenye kuchagua A, B, C anaweza akakupiga chenga vizuri tu, ila mpe mgeni aongee naye uone jasho. Mwambie akutumie voisi tatu fupi za WhatsApp, kila moja kama nusu dakika hivi: ya kwanza ajitambulishe na aseme anafanya kazi gani, ya pili aseme jana alifanya nini kuanzia asubuhi, ya tatu aseme kesho atafanya nini. Mkataze kuandika kwanza na kusoma, na utamjua tu aliyesoma maana hapumui.

Hizo voisi tatu zinakupa karibu kila kitu. Asiyeweza ya kwanza yuko sifuri. Anayeweza ya kwanza ila ya pili anasema "yesterday I am go" huyo ndio wengi walipo, anajua maneno ila nyakati zinamgomea. Anayemaliza zote tatu hata kama anababaika huyo anahitaji mazoezi tu na ujasiri. Kwa wale wanaopenda kujua levo rasmi, zile za A1 ya mwanzo kabisa mpaka C2 ya juu kabisa, kuna EF SET, mtihani wa bure mtandaoni, lakini ni wa kusikiliza na kusoma zaidi kwahiyo usiutegemee kujua kama mtu anaongea.

Usichanganye walio sifuri na wanaobabaika kwenye grupu moja. Aliye sifuri atanyamaza mpaka atoke, na anayebabaika atajiona profesa.

Zihifadhi hizo voisi, zipe nyota au ziweke kwenye folda yenye jina lake. Baada ya miezi miwili mitatu mwambie ajibu maswali yale yale, umtumie na za zamani azisikilize mwenyewe, hakuna cheti kinachomshawishi mtu kama hicho.

Halafu muulize anataka kuweza nini, kwa vitu vinavyoonekana. "Nataka kujua Kiingereza" haisaidii. Nataka kumpokea mgeni uwanja wa ndege, nataka kumweleza mteja kwanini bei imepanda, nataka kuelewa bosi anachosema kwenye redio koli. Ukikusanya kumi za hivyo kwenye grupu zima silabasi umeshaipata.

Hatua ya 2: Chagua zana tatu, basi

Moja ya kila siku, moja ya kukutana, moja ya mazoezi. Ukizidisha hapo unafundisha watu kutumia programu badala ya Kiingereza, na kila akaunti mpya inayodai imeili na nenosiri unapoteza watu wawili watatu njiani.

Ya kila siku ni WhatsApp, hapo hamna mjadala. Kila mtu anayo, vifurushi vingi vinaibeba, na voisi ya dakika moja haifiki hata MB 1. Ina kura, unaweza ukauliza swali la kuchagua jibu ukaona wangapi wamekosea. Ina kubandika ujumbe juu ili kazi ya leo isizame kwenye gumzo. Na unaweza kusikiliza voisi kwa kasi ya 1.5, ambayo ukiwa na watu kumi kila mtu kakutumia voisi mbili utaona umuhimu wake.

Ya kukutana una chaguo tatu. Zoom ya bure inakata ikifika dakika 40. Google Meet ya bure mkiwa watatu na kuendelea inakata saa moja, mkiwa wawili mnaongea mpaka mchoke. Simu ya grupu ya WhatsApp inachukua mpaka watu 32 na haihitaji kufunga kitu kingine. Mimi kwa watu wasiozidi wanane naenda na simu ya WhatsApp ya sauti tu, wakizidi hapo Zoom, kwa sababu Zoom ina vile vyumba vidogo vya kuwagawa watu wawiliwawili wafanye mazoezi, hata kwenye akaunti ya bure vipo, na kwenye lugha hiyo ni kila kitu. Video zimeni. Saa moja ya video ya grupu inaweza ikala zaidi ya nusu GB, na mwanafunzi aliyeunguliwa bando Jumamosi hutamuona Jumatatu.

Ya mazoezi ni Google Forms. Unaweka kwenye mfumo wa kwizi, inasahihisha yenyewe, inafunguka kwenye simu yoyote na mwanafunzi hahitaji akaunti. Angalia kitu kimoja, ukiweka swali la kupakia faili inamlazimisha aingie kwa akaunti ya Google, kwahiyo usikusanyie voisi humo, voisi ziende WhatsApp. Na sauti peke yake haikubali kuiweka ndani ya fomu, inakubali picha na video ya YouTube, kwahiyo zoezi la kusikiliza tuma sauti kwenye grupu halafu linki ya maswali chini yake.

Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, watu wanaipenda na kwenye darasa la ukweli lenye projekta ni raha tupu, ila alama zake zinaangalia na kasi ya kujibu, aliyepo Karatu na mtandao wa kusuasua atakuwa wa mwisho kila siku na sio kosa lake. Wordwall nzuri pia, ila ya bure inakubana idadi ya michezo unayotengeneza.

Hatua ya 3: Tengeneza grupu ambalo halitageuka kijiwe

Fungua magrupu mawili. La kwanza la somo, anayeandika ni admini peke yake, humo ndio kuna kazi ya siku na sauti za mfano, mtu akikosa siku tatu akirudi anakuta kila kitu kimepangana. La pili la mazoezi, humo kila mtu anatuma voisi.

Kanuni ziwe chache na zibandikwe: hamna kufowadi vitu, hamna kucheka kosa la mtu, hamna kumrekebisha mwenzako mbele ya watu, kurekebisha ni kazi ya mwalimu. Hiyo ya mwisho wengi wanaidharau. Kuna aina ya mwanafunzi ambaye anajua zaidi kidogo kuliko wenzake na furaha yake ni kusahihisha, na mmoja wa hivyo anatosha kulinyamazisha grupu zima, watu wazima hawapendi kuaibika, mpishi mkuu mwenye miaka 50 hatatuma voisi nyingine kama kijana wa jana kamwekea kiemoji cha kicheko.

Watu kumi mpaka kumi na mbili ndio mwisho. Sio kwa sababu ya WhatsApp, ni kwa sababu ya masikio yako.

Hatua ya 4: Wiki moja, mazungumzo mamoja

Hapa ndio kwenye kazi yenyewe kwahiyo nitakaa kidogo. Kila wiki chukua mazungumzo mamoja tu mafupi ambayo mwanafunzi anakutana nayo kweli. Mfano huu wa hotelini:

Mgeni: "Excuse me, the shower is cold."
Mhudumu: "I'm sorry about that. Which room are you in?"
Mgeni: "Room twelve."
Mhudumu: "Thank you. I'll send someone in ten minutes."

Mistari minne. Usiongeze, utatamani kuongeza ila usiongeze.

Jumatatu unarekodi mara mbili, ya kwanza polepole huku unatenganisha maneno, ya pili kwa kasi ya mgeni wa kweli, ambaye hasemi "I will" anasema "I'll", hasemi "which room are you in" neno kwa neno, anaunganisha yote. Wanafunzi wanasikiliza halafu wanarudia sehemu ya mhudumu, voisi moja. Tafsiri ya Kiswahili toa siku hiyo hiyo kwa maandishi, usiwatese watu wabahatishe, kisha isitumike tena.

Jumanne unatuma mistari ya mgeni peke yake, kila mstari voisi yake, na wao wanajibu kila mmoja kwa kuubonyeza huo huo. Jumatano unabadilisha tatizo: hamna taulo, waifai haishiki, jirani ana kelele. Mhudumu anabaki na sentensi zile zile, na hapo ndio anaanza kuona kwamba sentensi moja inamfanyia kazi kumi. Alhamisi unawapanga wawiliwawili, wanatumiana voisi huko kwao kama mgeni na mhudumu, halafu mmoja anakufowadia yote. Ijumaa ni ya kushtukiza, unamtumia kila mtu inboksi malalamiko ambayo hajawahi kuyasikia na anatakiwa ajibu palepale bila kurudia kurekodi. Jumamosi mnakutana laivu. Jumapili acha watu wakapumzike, na wewe pia.

Sasa kurekebisha. Tuseme mtu katuma: "Sorry for that, which room you are? I am coming." Usiandike sahihisho refu, hatalisoma. Mjibu kwa voisi ukiwa umeifunga kwenye voisi yake yenyewe ili ajue unaongelea ipi. Anza na kilichokaa vizuri, kweli kilichokaa vizuri, sio sifa za bure, mfano "umekumbuka kuomba radhi kwanza, safi". Kisha sema sentensi yote iliyo sahihi mara mbili, "Which room are you in?", umwambie airudie atume tena. Makosa mawili kwa voisi moja yanatosha, mengine yaache yapite hata kama yanakuuma, yatarudi tu wiki nyingine. Na kosa ambalo umelisikia kwa watu watatu au zaidi lipeleke kwenye grupu la somo bila kumtaja mtu.

Hilo la "I am coming" linahitaji neno la ziada. Sisi tukiondoka mara moja tunasema "nakuja", na tunaibeba hivyohivyo kwenye Kiingereza. Mgeni anasikia unakuja, anakuona unampa mgongo unaondoka. Wafundishe "I'll be right back" wiki ya kwanza kabisa.

Hatua ya 5: Matamshi, tumia faida ya Kiswahili

Kuna vitu mzungumzaji wa Kiswahili anavyo tayari na watu wa lugha nyingine wanavilipia hela. Ile sauti ya "think" ndio ya thamani na methali, na ile ya "this" ni ya dhahabu na fedha. Mtu wa Tanga au Unguja anazitoa bila kujua. Wa bara anayesema "samani" kwa thamani na "zahabu" ndio utamwambia atamke Kiswahili chake vizuri kwanza, na ukimwanzishia hapo anaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho ukianza na ulimi na meno utamaliza somo zima.

Tatizo kubwa letu liko kwenye irabu. Kiswahili kina tano, a e i o u, kila moja ina sauti moja haibadiliki, wakati Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20 ukijumlisha na zile zinazoungana. Kwahiyo "ship" na "sheep" kwetu ni kitu kimoja, "live" na "leave" kitu kimoja. Kwa watu wa hoteli hii sio nadharia, wanasema "sheet" na "beach" mara hamsini kwa siku na ukifupisha hiyo i mbele ya mgeni umetukana. Anza na hayo mawili, watu watacheka sana na hawatasahau.

Kingine ni kuongeza irabu mwishoni, "booku", "milki", "bedi", na mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote karibu, kwahiyo tunautupa hapohapo kwenye kila neno la Kiingereza. "Hotel" mkazo ni mwisho. "Comfortable" ni silabi tatu kwa wengi, kama kam-fta-bo hivi, sio nne wala tano. Na "receipt" ile p haitamkwi, hili neno kila mtu wa kaunta analisema kila siku na karibu wote wanaitamka.

Zana hapa ni mbili za bure. Kamusi ya Cambridge mtandaoni, kila neno lina spika mbili, ya Uingereza na ya Marekani, mwanafunzi abonyeze, arudie, ajirekodi, alinganishe. Na YouGlish, unaandika neno au kipande cha sentensi inakuletea video za YouTube pale pale ambapo mtu analitamka, tena unaweza ukapunguza kasi. Hiyo inakula bando kwahiyo wewe mwalimu ndio uitafute, umpe mwanafunzi jibu tu.

Kuna na ujanja mwingine naupenda, kile kipaza sauti cha kwenye kibodi ya simu. Mwanafunzi aweke Kiingereza, abonyeze, aseme "I want to leave at six" aone simu imeandika nini. Ikiandika "live" ajue. Ila usiifanye hakimu, hizi mashine hazijazoea lafudhi zetu vizuri na mara nyingine mtu kasema sawa kabisa simu inaandika vituko. Lafudhi ya Kichaga au Kisukuma sio kosa, kosa ni pale msikilizaji anapoelewa neno lingine.

Hatua ya 6: Sarufi ni pale Kiswahili kinapokuvuta

Sifundishi sarufi kwa mpangilio wa kitabu, sijui somo la kumi na mbili vihusishi. Nasubiri makosa, na makosa ya Waswahili yanajirudia mno.

La kwanza ni -me-. Sisi mtaani tunasema "nimekuja jana" hamna anayeshangaa, kwahiyo mtu anasema "I have come yesterday", na Kiingereza hakitaki "have" pamoja na jana. Halafu hiyohiyo -me- inabeba hali, amelala, amekaa, amechoka, na mtu anatafsiri "he has slept" wakati mgeni anauliza bosi yuko wapi na jibu ni "he's asleep", au "she has sat" badala ya "she's sitting". Fomu moja ya maswali nane juu ya hili, sentensi ya Kiswahili juu na majibu matatu ya Kiingereza chini, inamaliza kazi kuliko maelezo yako ya nusu saa. Mfano swali "Mgeni amefika saa mbili asubuhi ya leo na sasa hivi ni jioni", je ni "has arrived at eight", "arrived at eight" au "is arriving at eight". Na kwenye kila swali Google Forms inakuruhusu kuweka maelezo ya aliyekosea, weka kwa Kiswahili, sentensi moja.

La pili yeye. Hatuna wa kike na wa kiume kwenye kiwakilishi, kwahiyo "my mother he is sick". Hili halihitaji maelezo, kila mtu analijua, linahitaji mdomo uzoee. Wape picha ya familia waielezee kwa voisi, wiki mbili mfululizo, basi.

La tatu wengi hata walimu hawalioni, ni kujibu swali la kukanusha. Mgeni anauliza "You don't have soup today?" Mhudumu anajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, hatuna. Mgeni anasikia ipo, anakaa anasubiri supu. Kwa Kiingereza hapo ni "No, we don't", sema ukweli wa supu sio ukweli wa swali.

La nne ni amri. "Nipe pasipoti" kwa Kiswahili ukiisema kwa sauti nzuri na tabasamu haina ubaya sana, "give me your passport" inamfanya mgeni ahisi kakamatwa. Wape "May I have your passport, please?" kama kitu kizima cha kukariri, usichambue "may" ni nini. Na "you wait" iwe "just a moment, please".

Hatua ya 7: Maneno yakae kichwani

Usiwape orodha ya neno mojamoja. "Towel, taulo" haina kazi. "Could I have an extra towel?" ina kazi. Kadi zako ziwe sentensi.

Kwa kadi za kurudia kuna Anki, inakuletea kadi kulingana na ulivyoikumbuka mara ya mwisho, kwenye Android ni bure na inafanya kazi bila intaneti, ya iPhone inalipiwa. Sura yake mbaya mbaya kidogo na kuweka kadi mara ya kwanza kunachosha, kwahiyo tengeneza wewe faili, watumie kwenye grupu wafungue. Quizlet ni nzuri kwa macho na rahisi zaidi, ila vitu vingi vimehamia kwenye ya kulipia. Ukiona watu hawafungui yoyote kati ya hizi, na utaona, rudi kwenye voisi, kila asubuhi sentensi tatu za wiki iliyopita kwa Kiswahili na wao wanajibu kwa Kiingereza.

Kwa walio sifuri au wanaosoma kwa shida, African Storybook ni hazina. Ni hadithi fupi za picha, bure, nyingi zipo kwa Kiswahili na Kiingereza hadithi ileile, mtu anasoma ya Kiswahili kwanza anajua kilichotokea halafu anasoma ya Kiingereza kwa sauti anakutumia ukurasa mmoja. Mama mwenye mtoto wa darasa la tatu atasoma naye, unapata wanafunzi wawili kwa ada ya mmoja.

Waliosogea wapeleke British Council LearnEnglish, wamepanga kusikiliza kwa levo. Wanaoweza zaidi, 6 Minute English ya BBC, sauti unaishusha na maandishi yake yapo, dereva anasikiliza wakati anasubiri wageni getini Ngorongoro.

Hatua ya 8: ChatGPT na ndugu zake

ChatGPT ni programu ya akili bandia, unaiagiza kwa maneno inakutungia. Itumie wewe mwalimu kwanza. Inakuokolea saa nyingi za kutunga mazungumzo, ila ukiiambia tu "andika mazungumzo ya hotelini" inakuletea hoteli ya Marekani, mgeni anauliza habari za gym na valet, yaani mtu wa kumwegeshea gari. Ibane: mistari minne, Kiingereza cha A2, loji ndogo Karatu, umeme umekatika, jenereta itawashwa saa kumi na mbili jioni, mgeni ana hasira kidogo, sentensi zisizidi maneno kumi. Halafu pitia mwenyewe kila mstari, ukute mhudumu wetu anaongea kama wakili ukate.

Mwanafunzi naye anaweza akaongea nayo kwa sauti kama mgeni wa kuigiza, kwa mwenye aibu ni msaada mkubwa maana hamna anayemcheka. Mwambie aanze na maagizo mawili, uwe mgeni na uongee polepole, na mwisho nitajie makosa yangu makubwa mawili, la sivyo itamsifia tu kila anachosema. Kwa wanaoandika barua za kazi kuna Write & Improve ya Cambridge, bure, unaandika inakuonyesha sehemu zenye shida na levo yako, na kwa sababu haikuandikii, mtu analazimika kufikiri.

Na kazi ya nyumbani ya kuandika acha kutoa, au toa kwa karatasi na kalamu wapige picha. Ukitoa ya kuchapa utapokea Google Translate. Utaijua kwa urahisi, mtu wa "yesterday I am go" kaandika aya nzima haina kosa hata nukta, ila dada yake kamwita "he" kila mahali.

Hatua ya 9: Ile Jumamosi ya laivu

Dakika 40 zinatosha, tena nzuri. Tano za mwanzo kusubiri waliokwama na mtandao huku walioingia wanasalimiana kwa Kiingereza. Kumi za kupitia mazungumzo ya wiki. Ishirini kwenye vyumba vidogo wawiliwawili, unawabadilisha katikati, wewe unapita chumba hadi chumba umenyamaza unaandika makosa. Tano za mwisho unayasema hayo makosa. Ukijikuta umeongea zaidi ya robo ya kipindi, wiki ijayo jizibe.

Mvua ikinyesha mtandao ukafa, usiahirishe, hamisha kwenye voisi palepale.

Hatua ya 10: Hela na usalama

Chukua ada kabla, kwa wiki au kwa mwezi, kwa lipa namba ili kila mtu apate meseji yake ya uthibitisho na msianze kuulizana. Kwa wiki inawafaa zaidi wapagazi na madereva, hela yao inaingia kwa safari na akiwa mlimani siku saba huenda hana hata netiweki, huyo msimamishie asilipie siku ambazo hayupo. Usiahidi Kiingereza ndani ya siku 30, na usitoe cheti chenye mhuri wa ajabu ajabu, toa barua ya kawaida inayosema mtu kahudhuria na anaweza kufanya nini.

Kwenye grupu la WhatsApp namba za wote zinaonekana. Waambie wanafunzi wa kike mapema kwamba mtu akiwafuata inboksi kwa mambo yasiyo ya darasa wakuambie, na huyo mtu mtoe siku hiyohiyo bila semina. Voisi ya mwanafunzi usiiweke stetasi kutangaza darasa lako bila ruhusa yake, hata kama ni nzuri kiasi gani. Ukichukua walio chini ya miaka 18, mzazi awe ndani ya grupu kwa namba yake.

Mwanafunzi akinyamaza siku tatu mtumie voisi binafsi, kwa Kiswahili, umuulize hali tu. Mara nyingi kaishiwa bando au kapangiwa zamu ya usiku, na anaona aibu kurudi akiwa nyuma. Mpe kazi ya wiki hii, ile aliyoikosa iache.